Nilisema nimeokota; sasa naogopa hata risiti za saruji

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma safu yako miaka mingi na sikudhani siku moja nitakuandikia mimi, tena kuhusu gemu. Najua wapo watakaocheka. Mwanamke wa miaka 33, karani wa ghala la mkonge hapa Tanga, anakosa usingizi kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Wacheke tu, ila wewe nisikilize hadi mwisho.

Tumezaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, tumepishana miaka sita. Baba alifariki mdogo wangu akiwa darasa la sita, kwa hiyo kuna namna nimemlea. Mwaka 2016 alipomaliza shule, akiwa nyumbani hana la kufanya, alinunua laptopu ya mtumba na akanifundisha gemu inaitwa Torchlight II. Kwa asiyeijua, ni gemu ya kushuka mashimoni. Unachagua mhusika wako, unaingia pango baada ya pango, unaua mazimwi, unaokota silaha na dhahabu, unauza, unashuka tena. Yeye alimchukua Berserker, mtu wa kupigana ana kwa ana kwa makucha. Mimi nikamchukua Embermage, mchawi wa moto na barafu. Anapiga kwa mbali vizuri, lakini mwili wake laini kama andazi, akifikiwa tu amelala. Tuliunganisha laptopu zetu kwa waya pale sebuleni na mama kila akipita anauliza, "Mnaua nini tena humo?"

Mwaka 2021 mdogo wangu akapata kazi ya ulinzi Doha. Zamu ya saa kumi na mbili kwa siku, chumba kimoja wanalala sita. Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika. Bahati yetu saa ya Doha na ya Tanga ni moja, basi kila Ijumaa saa tatu usiku nanunua bando, navaa hedifoni, tunaingia. Tunakosa akipangiwa zamu ghafla au umeme ukikatika huku kwetu.

Shangazi, mdogo wangu si mtu wa simu. Ukimpigia: "Mzima?" Mzima. "Kazi?" Inaenda. "Haya, msalimie mama." Dakika mbili zimekwisha. Lakini tukiwa pangoni, mikono yake ina shughuli, anaongea. Ndimo nilimojua mgongo unamsumbua kwa kusimama. Ndimo nilimojua kuna msichana wa Lushoto anamwazia. Na ndimo alimolia usiku mmoja, akasema ni mafua.

Mwaka jana akasema gemu imekuwa nyepesi mno, tuweke modi. Modi ni vipande wanavyotengeneza wachezaji wenyewe, unaviongeza kwenye gemu nayo inabadilika. Alichagua mbili, moja ya kuongeza wingi wa mazimwi na nyingine ya kuwafanya wakali. Kuziweka kulituchukua Ijumaa mbili, kwa sababu orodha ya modi lazima ifanane kwangu na kwake, na toleo liwe lilelile, la sivyo mchezo wa mwenzako huuoni kabisa. Kwake modi moja ilikuwa imejisasisha, kwangu bado. Tulikaa saa nzima, yeye anasema "Nimefungua, ingia," mimi natazama orodha tupu kama mtu anayesubiri basi lililokwishapita.

Tangu hapo nikawa mzigo. Ukifa, gemu inakupa njia tatu: uinuke palepale kwa dhahabu nyingi, uinuke mlangoni mwa pango kwa dhahabu kidogo, au urudi mjini bure. Dhahabu zangu ziliisha, nikawa mtu wa kurudi mjini bure. Nikirudi, namkuta keshamaliza. "Dada, wewe kaa nyuma tu, usiguse kitu." Aliyasema kwa upole, lakini yaliniingia. Kila mchezaji ana mnyama wake, yeye ana mbwa na mimi nina paka. Unamjaza vitu usivyovitaka, unamtuma mjini, anauza, anarudi baada ya muda mfupi na hela na dawa ulizomwagiza. Basi ikafika mahali paka wangu ananisaidia kuliko ninavyomsaidia mdogo wangu. Kuna siku alisema, "Dada, mimi ndiyo yule mbwa. Mnanijaza mizigo, mnanituma mjini, narudi na hela na dawa." Tulicheka hadi mama akaamka. (Mama ana presha, dawa zake analipia mdogo wangu.)

Sasa kosa langu. Usiku mmoja, peke yangu, nilitafuta modi ya kasha. Inaweka kasha pale mjini, ukilifungua linatoa vitu adimu. Niliiongeza juu ya zile zetu, nikachukua fimbo, joho na pete mbili, vyote vya rangi ya chungwa, ile rangi ya vitu vya nadra. Kisha nikaiondoa. Kwa kuwa vitu vyenyewe ni vya gemu ya kawaida, vilibaki mwilini. Ijumaa nikaingia.

"Dada! Fimbo hiyo umeitoa wapi?"

"Nimeokota."

Kwenye gemu hii kila mtu anaviona vinavyomdondokea yeye tu, vya mwenzake havioni. Hana namna ya kujua. Alifurahi mpaka akamwita mwenzake wa chumbani aje atazame kioo. "Huyu dada yangu, umeona?" Nami nikanyamaza.

Nimerudi kwenye kasha mara tano. Siku hizi ananiita Kamanda. Na mwezi uliopita amekuja na jambo: Desemba anarudi likizo, anataka kabla hajaja tuanze upya, bila modi hata moja, kwa wahusika wa kufa mara moja. Ukifa umekufa, mhusika anafutika na kila alichonacho. "Sasa umeiva, Dada. Mimi na wewe tu."

Nitakufa pango la kwanza, Shangazi, naye atajua.

Utasema, si umwambie? Ngoja. Mdogo wangu anajenga. Kiwanja kipo Pongwe, nyumba imefika kwenye linta. Kila mwezi anatuma hela na mimi ndiye nanunua saruji na nondo, mimi namlipa fundi. Sijala hata shilingi yake. Risiti zote zipo kwenye kopo la maziwa ya unga. Yule mwenzake wa chumbani alijengewa na kaka yake nyumba ya kwenye picha. Alikuwa anatumiwa picha za nyumba ya mtu mwingine kwa miaka miwili. Mdogo wangu alinisimulia habari hiyo pangoni, akamalizia, "Mimi namshukuru Mungu nina wewe." Wakati anasema hayo nilikuwa nimeishika ile fimbo.

Nikimwambia nilidanganya kuhusu fimbo, atazitazama risiti za saruji kwa jicho gani? Nimwambie, au ninyamaze nijifunze kucheza kikweli kabla ya Desemba? Na je, kuna njia ya kumrudisha Embermage wangu alivyokuwa kabla ya haya yote?

Dada wa Ijumaa, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Nimecheka mara moja tu, pale mama anapouliza mnaua nini tena. Baada ya hapo sikucheka. Barua yako nilimsomea mjukuu wangu, maana mambo ya Berserker na Embermage mimi siyajui, naye akaniambia, "Bibi, kaa hapa." Nimekaa naye jioni mbili. Nimeshika kipanya, nimeua panya kadhaa na kitu fulani chenye meno, na nimekufa mara nyingi kuliko wewe. Kwa hiyo usinione ninakaa pembeni kukuhukumu. Mimi pia ni mtu wa kurudi mjini bure.

Nikuelezee nilivyokuelewa, unirekebishe nikikosea. Una mdogo wako aliye mbali, asiyeongea ila mikono yake ikiwa na kazi. Mmepata mahali pa kuonana mara moja kwa wiki. Mahali hapo akapafanya pagumu, ukashindwa kumfuata, ukajitafutia vitu kwa mlango wa nyuma, akakusifu kwa kitu usichokifanya. Sasa anataka kujenga jambo jipya juu ya sifa hiyo. Na huku upande mwingine anajenga nyumba ya kweli, nayo imesimama juu ya neno lako. Mambo haya mawili yamegusana kichwani mwako usiku, ndiyo maana hulali. Sidhani kama ni fimbo inayokukosesha usingizi.

Kwanza tulitoe kasha njiani. Unaliandika kama mwizi anayeeleza alivyoruka ukuta. Mjukuu wangu alinieleza kwamba waliotengeneza gemu hii, Runic Games ya Seattle kule Marekani, waliitoa Septemba 2012, na mwaka uliofuata wakawapa wachezaji kifaa kilekile walichotumia wao kuitengenezea, na modi zikawa zinapatikana Steam, duka la gemu la mtandaoni, kwa ruhusa yao. Kampuni yenyewe ilifungwa mwaka 2017, gemu haifi, watu wanaendelea kuipanga upya watakavyo. Kwa hiyo kuweka modi hakujavunja sheria ya mtu. Na aliyeanza kuzibadili sheria mlizozizoea ni mdogo wako. Yeye alisogeza kigoda chake juu, wewe ukakisogeza chako. Tofauti ni kwamba chake alikisogeza mchana, na chako ukakisogeza amelala.

Linalobaki, basi, ni lile neno moja, "Nimeokota." Nataka nikuulize kitu, na usinijibu haraka. Siku ile ya kwanza, kama ungesema, "Nimetafuta modi ya kasha, nimechoka kufa," angefanya nini? Wewe unamjua, mimi simjui. Lakini kwenye barua yako nzima sikuona mahali alipokukasirikia. Niliona mtu anayesema kwa upole, kaa nyuma. Nahisi hukudanganya kwa kuogopa hasira zake. Nahisi ulichokiogopa ni huruma zake, kwa kuwa wewe ndiye uliyezoea kumhurumia yeye tangu darasa la sita. Huenda nimekosea.

Halafu hili la kuwa mzigo. Jambo moja mjukuu wangu alinieleza lilinikalia moyoni. Gemu hii huwaongezea mazimwi nguvu kadiri wachezaji wanavyozidi. Mkiwa wawili, zimwi lilelile linachelewa kufa kuliko mtu angekuwa peke yake. Maana yake, kwa hesabu za gemu, mdogo wako angecheza peke yake mambo yangekuwa mepesi. Mtu aliyeicheza miaka yote hii hawezi kukosa kulijua hilo. Na bado kila Ijumaa saa tatu yuko pale, anakungoja hata saa nzima orodha ikiwa tupu. Sasa wewe uliamua wakati gani kwamba anachokifuata pale ni msaidizi hodari? Nani alikuambia? Katika barua yako sijamwona yeye akisema hivyo, nimekuona wewe.

Na umeandika, "Hana namna ya kujua." Sisemi anajua. Ila mchezaji mkongwe anajua vitu vya rangi ya chungwa vinadondoka kwa nadra gani, na wewe umetokea Ijumaa moja umevaa vinne, kisha ukarudi navyo vipya mara tano. Inawezekana furaha ilimziba macho. Inawezekana pia aliona, akaamua kumwita mwenzake aje atazame hivyohivyo. Hata jina la Kamanda sijui analitamka kwa sauti gani. Wewe unayemsikia kwenye hedifoni, hebu litegee sikio. Sikuombi umchunguze. Nakuomba tu usipange mambo yako yote juu ya dhana kwamba mwenzako ni kipofu.

Sasa nataka turudi kwa mbwa.

Uliandika mstari huo katikati ya habari za paka na dhahabu, ukacheka, ukaupita. Mimi niliusoma nikaiweka barua mezani nikaenda kuchemsha chai. "Mnanijaza mizigo, mnanituma mjini, narudi na hela na dawa." Wewe mwenyewe ukaongeza kwenye mabano kwamba dawa za mama analipia yeye. Uliviweka viwili hivyo pamoja kwa mkono wako, sijui kama uliona.

Sisemi alikuwa analalamika. Watu wetu walioko Ghuba wana utani wao juu ya kutumwa hela, na mara nyingi ni utani tu, unamsaidia mtu kubeba siku. Lakini umesema pangoni ndipo anapoongea. Basi na hayo aliyaongea pangoni. Kijana wa miaka 27, mgongo unamuuma kwa kulinda milango ya watu, ana msichana anamwazia, ana nyumba imefika kwenye linta ambayo hajawahi kuigusa ukuta. Umemuuliza lini mara ya mwisho kama hela anazotuma zinamuachia cha kwake? Na je, yeye anajua kwamba hata asipotuma kitu mwezi mmoja, Ijumaa itakuwepo? Inawezekana analijua vizuri. Mimi nimeuliza tu, kwa sababu barua yako yote inahofia siri yako wewe, na kuna neno lake yeye limelala pale halijaokotwa.

Tuje kwenye risiti. Hofu yako hapa ni ya haki kabisa, siwezi kuipuuza. Nyumba za kwenye picha zimevunja ndugu wengi, na yule mwenzake wa chumbani analala kitanda cha jirani, kidonda kinaonekana kila siku. Kwa hiyo ukiri wako hautaingia kwenye sikio tupu. Lakini angalia mpangilio. Ukimwambia ya fimbo Ijumaa, halafu Jumamosi ukamtumia picha za risiti zote, mwanangu, hata mimi ningejiuliza kuna nini. Kopo la maziwa ya unga linasema kweli, ila likifunguliwa siku ya kesi linaonekana kama utetezi. Ungeweza kulifungua mapema, kwa utaratibu wa kawaida: kila mwezi picha ya risiti na ya ukuta, fundi naye aongee naye kwa video akiwa amesimama kwenye kiwanja, mambo ya saruji yasimame kwa miguu yao. Hatari yake ni kwamba unaweza kuuweka utaratibu huo ukajiona umekwisha kulipa deni, na la fimbo likabaki pale pale.

Kuhusu kumwambia. Watu wengi wangekuambia sema, na moyo wangu nao unaelekea huko kidogo, sikufichi. Lakini namna ya kusema ina uzito. Ukimpigia simu siku ya kazi, unalia, unaomba radhi kwa pumzi moja, atasubiri kusikia umeuza kiwanja. Fimbo ya gemu ikija na machozi ya ukubwa huo, ndipo yeye mwenyewe atakapoanza kutafuta kilichojificha nyuma yake. Kwa upande mwingine, ukiifanya mzaha mtupu, na yeye aliita watu waje waone, anaweza kuhisi alichekwa mbele ya wenzake. Pangoni pana faida: mikono ina kazi, ukimya hauumi sana, na ndiyo lugha yenu. Lakini pana hasara pia. Huoni uso wake, na kama atanuna, atakuwa amenunia mahali pekee mnapoonana. Unaweza kuwa tayari na Ijumaa moja au mbili za orodha tupu? Jiulize hilo kabla hujafungua mdomo.

Kunyamaza na kujifunza nako si upuuzi. Desemba si kesho. Mtu anaweza kuanza mhusika mpya peke yake siku za katikati ya wiki, akajifunza kukaa mbali, kurusha barafu kabla ya moto, kujua wakati wa kukimbia. Mjukuu wangu anaonya kwamba gemu hii ya kawaida inakuruhusu kurudisha pointi tatu za mwisho tu za ujuzi uliochagua, kwa hiyo ukipanga vibaya mwanzoni utaishi nayo. Ungefika Desemba umeiva kweli, na sifa aliyokupa ingekuwa yako, imechelewa tu kufika. Kuna uzuri humo. Ila kila atakaposema Kamanda kati ya sasa na siku hiyo, utalipia. Na utakuwa umeongeza siri ya pili juu ya ile ya kwanza, ingawa hii ya pili ina jasho.

Au ungemkatalia tu huu mtindo wa kufa mara moja, kwa sababu zake wenyewe, bila kugusa fimbo. Hapa kuna swali sijaona mmelizungumza. Mmoja wenu akifa pango la pili, Ijumaa inayofuata inakuwaje? Mnaanza wote upya? Au aliyebaki hai anaendelea, na mwingine anatazama? Yeye aliye mbali ndiye anayeomba mchezo usio na kurudi, na wewe uliye nyumbani unauogopa. Huenda kachoka na wepesi tu, vijana hupenda moyo uende mbio. Huenda kuna kingine. Ningelimuuliza hilo kabla ya lolote, tena kwa udadisi wa kawaida: "Kwa nini unataka tufe mara moja?" Halafu nyamaza, mwache ajibu akiwa anaua.

Njia moja zaidi nimeiwaza nikiwa na mjukuu, na ni ya kitoto kidogo, uipime. Modi ya kasha lazima iwepo kwenye orodha zote mbili ndipo mcheze pamoja. Ungeweza kumwambia, "Ijumaa hii ongeza na hii," umtumie jina lake, asubiri. Mkaingia mjini, mkasimama wote wawili mbele ya kasha, yeye na mbwa wake, wewe na paka wako, ukasema, "Mimi huwa naokotea hapa." Anaweza kucheka hadi aamshe chumba kizima. Anaweza pia kuona umemwandalia mtego, au akakwambia maneno ambayo hukuyategemea. Ukichagua hii, uwe umeacha nafasi ya maneno hayo, usikimbilie kufungua kasha.

Unaona sikuchagulii. Wewe ndiye uliyemsikia akisema ni mafua, mimi nimeisoma tu kwenye karatasi.

Swali lako la mwisho ndilo jepesi, na nimeliachia hapa kwa sababu jibu lake limenifurahisha. Embermage huyu wa sasa hatarudi alivyokuwa. Mhusika aliyechezwa na modi hahamishiki kwenye gemu isiyo na modi. Lakini siku mlipoweka modi mara ya kwanza, gemu haikumgusa yule wa zamani. Ilitengeneza nakala, ikaihifadhi kwenye folda lake peke yake, na hiyo nakala ndiyo mliyokuwa mnaicheza. Zima modi zote, fungua gemu kama ilivyokuwa mwaka 2016, utamkuta kwenye orodha ya wahusika kwa levo ileile uliyomwachia, na fimbo yake ya kawaida aliyoiokota. Na kama mdogo wako hakufuta kitu kule Doha, Berserker wake wa zamani naye yupo, na mbwa wake pembeni.